Soma na Salamu

3 Februari

Wifi,

Hujambo, na watoto hawajambo. Kuku nao nawasalimu, maana ukisalimiwa bila kuku wako unanuna. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi, baridi ya chumba cha mashine inaniingia magotini. Hizo ndizo salamu zangu na zinakutosha mpaka mwaka uishe.

Nakuandikia wewe kwa sababu mdogo wangu ametuma neno kwamba mkono unamtetemeka, kalamu haishikiki. Simu siwezi. Mimi na wewe hatujawahi kumaliza mazungumzo ya simu bila mmoja kumkatia mwenzake. Na namba yangu mpya, tangu msiba wa mama, hana mtu yeyote huko, hata yeye, kwa hiyo usimsumbue akupe.

Sasa sikiliza. Kuna dawa ya ugonjwa wake wa damu. Bado inajaribiwa, na wa kuipata wanachaguliwa hapa kwenye maabara yetu. Anayepima ni mimi. Ndani ya seli mna protini, na protini hubandikwa alama ndogo za fosfeti. Ikibandikwa inaamka, ikibanduliwa inalala. Katika ugonjwa huu kuna protini moja ambayo kwa wagonjwa wengine alama imeganda juu yake, haibanduki, nayo inaziamrisha seli zizaane bila breki. Dawa inaizima hiyo. Kama alama haipo, dawa itamla mgonjwa ini bure. Mashine yangu inapima uzito wa vipande vya protini, na chenye alama ni kizito kidogo kuliko kisicho nayo. Ni kama kupima shati ujue kama kifungo kipo. Umeelewa? Hujaelewa, na si lazima.

Kazi yako ni moja. Kliniki yenu itamtoa damu, wewe utaibeba kwenye sanduku la barafu nililotuma mpaka hospitali kuu, wao wataigandisha na kuileta. Iwe baridi njia nzima. Usiniulize kwa nini. Sina nafasi ya kumfundisha kemia mtu anayetotolesha mayai.

Na la mwisho. Barua zako nazijua, salamu mpaka za mbuzi wa jirani. Mimi huanza kusoma pale palipoandikwa "baada ya salamu". Ya juu ni maganda, nayatupa. Unirahisishie: salamu ziweke karatasi yake, jambo karatasi yake.

Dada wa mumeo


2 Machi

(karatasi ya kwanza)

Kwa wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Nimefuata agizo, jambo liko karatasi ya pili. Lakini salamu siachi, maana marehemu mama yangu alisema asiyesalimu ana analoficha, na mimi sina.

Binti mkubwa ameota meno ya mbele, anacheka ameziba mdomo kama bibi harusi. Mdogo wake Kibonge anaingiza mkono kwenye mashine ya vifaranga kila nikigeuka, anasema anawashika kuku kabla hawajazaliwa. Mdogo wako anakunywa uji nusu kikombe, unaobaki anamalizia Kibonge. Baridi ndiyo inayomtesa. Nimemfunika mablanketi yote ya nyumba na bado meno yanagongana.

Habari ya damu nakupa hapa hapa, maana ni ya kucheka. Muuguzi alipoichomeka ile chupa kwenye barafu, moyo ulinipasuka. Mwenyewe anatetemeka kitandani, na damu yake nayo ikatetemeke kwenye sanduku? Wifi, mimi natotolesha tangu niko kwa baba. Yai lenye uhai likipoa ndiyo basi, hata ulirudishe kwenye joto ni la kutupa. Kwa hiyo nilipotoka getini nikaitoa chupa, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia kifuani kama ninavyobeba mayai ya mbegu. Hospitali kuu foleni ilizunguka jengo. Nimesimama nayo kifuani mpaka jua likageuka, nikiisemesha kama mwehu, na watu wakanipisha. Nilipofika karibu na dirisha nikairudisha barafuni wasije wakanigombeza. Ilifika na joto lake lote.

Kama nimekosea niambie upesi, wifi. Watamtoa nyingine. Muuguzi anasema mishipa yake bado mizuri.

(karatasi ya pili)

Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba damu imepokelewa hospitali kuu na imetumwa. Tunasubiri majibu kwa hamu.

Ni mimi wifi yako


6 Aprili

Wifi,

Hujambo. Sijambo. Karatasi yako ya kwanza imefaa, nimefutia chai iliyomwagika mezani.

Majibu ni haya. Seli tumezipasua, protini tumezikatakata, vipande vyenye fosfeti tumevinasa na kuvipitisha kwenye mashine. Mahali ambapo alama ilitakiwa iwepo ni peupe. Nimetazama mwenyewe, sikumwachia mtu. Dawa haimfai. Kliniki wameshaarifiwa, na nafasi aliyokuwa ameshikiwa amepewa mgonjwa mwingine.

Usinililie kwenye barua, wino unachuruzika. Mdogo wangu hakuwahi kushikilia kitu. Shule aliachia. Kazi ya ofisini niliyomtafutia aliachia, akaenda kuziba pancha za baiskeli na kujiita fundi. Sasa hata protini yake imeshindwa kushikilia alama. Kitu pekee kilichomganda katika maisha yake ni wewe, na hicho hakuna dawa ya kukizima.

Apewe dawa za maumivu. Asilale upande mmoja.

Dada wa mumeo


11 Mei

(karatasi ya kwanza)

Kwa wifi yangu,

Salamu zetu zikufikie. Binti mkubwa ameshika namba nzuri shuleni. Kibonge ameungua kidole kwenye taa ya vifaranga, amepona, na amerudia.

Leo salamu si zangu peke yangu. Mdogo wako amelala hapa pembeni, ananisemesha niandike. Nilimwambia, wifi hasomi karatasi hii, niandike maneno yako kwenye ya pili. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Dada? Dada anasoma mpaka karatasi ya kufungia sabuni. Weka kwenye salamu. Salamu ndizo za ndugu, jambo ni la maofisini." Basi nayaandika kama anavyoyatamka:

"Mwambie Kijiko nimekumbuka alivyokuwa akinilisha mama akiwa kazini, anaonja yeye kwanza uji usiniunguze ulimi, na mara nyingine anaonja mpaka unaisha. Mwambie dawa kukosekana si kosa lake wala la mashine yake. Aje. Sitaki aje kunizika, nataka aje anitukane kwa mdomo wake, nicheke. Kitanda chake nimekaza miguu, hakilii tena. Mwambie nilimringia kila mteja wangu kwamba dada yangu anapima vitu visivyoonekana, na hakuna aliyeniamini, na mimi sikujali."

Hapo amechoka, amelala. Nami nimefuta macho na mkono wenye wino, kwa hiyo ukiona doa ni langu.

(karatasi ya pili)

Baada ya salamu, wifi, niko chini ya miguu yako. Naomba apimwe damu nyingine. Pengine ile ilikuwa na kasoro, kama nilivyokueleza. Anaisha. Nguo zake zinamvaa yeye. Kama kuna la kuniadhibu niadhibu mimi, lakini apimwe tena.

Ni mimi wifi yako


9 Juni

Wifi,

Hujambo. Ya juu imeingia pipani, ya chini nimeisoma.

Unasema damu ilikuwa na kasoro, kama ulivyonieleza. Wewe unieleze mimi kasoro ya damu! Hujanieleza kitu, na huna cha kunieleza. Siku kuku wako wakikohoa nitakuja nikae kwenye kigoda nikusikilize. Mgonjwa hupimwa mara moja, ndiyo taratibu. Nikienda kumwambia mkuu wangu kwamba wifi yangu ana wasiwasi na mashine, jengo zima litanicheka mpaka nistaafu. Mashine haina wifi.

Kama alivyooa bila kuniuliza, na augue bila kunisumbua. Nimeandika kwa hasira lakini sifuti.

Umgeuze upande mwingine, mgongo usije ukachubuka.

Dada wa mumeo


20 Julai

(karatasi ya kwanza)

Wifi,

Pokea salamu. Binti mkubwa hajambo. Kibonge hajambo, ila haongei sana.

Mdogo wako amefariki. Ilikuwa Jumatano asubuhi, nimemshika mkono, uji uko mezani haujaguswa. Tumemzika siku iliyofuata. Mafundi wenzake walikuja na baiskeli zao, wakazisukuma kwa miguu nyuma ya jeneza, hakuna aliyepanda.

Ile wiki ya mwisho aliuliza kama umejibu yale maneno yake. Nilimwambia bado, posta wavivu. Akauliza tena siku nyingine, nikamwambia posta wavivu. Ningekupigia usikie sauti yake ilivyobaki, lakini namba yako hana mtu.

(karatasi ya pili)

Baada ya salamu, sanduku lenu la barafu nimelirudisha kliniki likiwa safi. Tunashukuru.

Ni mimi


18 Agosti

Wifi,

Hujambo, na salamu nyingine tutapeana tukionana. Soma hii umesimama.

Jana nilikuwa naandaa takwimu za mkutano, nikafungua ya mdogo wangu. Safari ile niliangalia mahali pamoja tu, pale pa alama yetu. Jana niliangalia kote. Kuna protini ambazo hubandikwa alama pale tu seli inapoteseka, na zote, nasema zote, zilikuwa zimebandikwa. Damu ile ilikaa kwenye joto. Seli zikitolewa mwilini zikaachwa na joto hazilali, zinaendelea na vurugu, alama zinabanduliwa huku, zinabandikwa kule. Ndiyo maana inatakiwa baridi, ili kila kitu kisimame pale pale kilipokuwa. Alama yake ilikuwepo! Nina hakika ilikuwepo. Ilibandukia njiani.

Nani aliishika damu ile? Muuguzi? Dereva? Au ni wewe uliyeweka sanduku juani ukaenda kuuza mayai? Nitajua, na nikijua mtu huyo hatanisahau. Hukuona haja ya kunitamkia hata neno moja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini wewe miaka yote hii na kamba yako bado unaiburuta nyumbani kwetu.

Hayo baadaye. Nimempigia magoti mkuu wangu, mimi, ambaye sijawahi kumwomba mtu hata kiti. Nafasi moja imefunguliwa. Atolewe damu wiki hii. Barafu, wifi. Barafu njia nzima, na anayebeba asiifungue hata kuichungulia. Kwa wenye alama hii dawa inafanya maajabu, nimewaona kwa macho yangu watu walioletwa kwenye kiti cha magurudumu wakiondoka kwa miguu.

Nimejaribu simu yake, haipatikani. Najua ni wewe umeizima. Mpe barua hii mkononi, asome mwenyewe. Anakula? Mwambie nimeomba likizo, nitakuja Desemba. Mwambie ni Kijiko anayesema, ataelewa.

Dada wa mumeo


10 Septemba

Baada ya salamu.

Salamu hazipo, nilizimaliza zote, nimeanza kuandika pale unapoanza kusoma.

Aliyeipasha damu joto ni mimi. Niliibeba kifuani kama yai. Hukuniambia kwa nini iwe baridi, ulisema huna nafasi ya kunifundisha, kwa hiyo nikafuata ninachokijua, na ninachokijua ni kuku. Ningejua joto litaifuta ile alama ningeibeba kwenye barafu mpaka vidole vikatike. Hilo ni langu, nitazikwa nalo.

Lakini nilikueleza. Mwezi wa tatu, karatasi ya juu, kila kitu, mpaka foleni. Nikakuomba uniambie upesi kama nimekosea. Ungeisoma ungenitukana siku hiyo hiyo, na ningetukanika kwa furaha nikikimbilia kliniki. Mishipa yake ilikuwa mizuri. Wewe ulifutia chai.

Unauliza kama anakula. Mdogo wako alifariki mwezi wa saba. Nilikuandikia hilo pia, karatasi ya juu. Na sikukosea mahali, wifi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kuliweka chini ulione. Nilijua unaanzia wapi. Nikaliweka juu, nikakaa nikisubiri nione itakuchukua muda gani kuuliza mdogo wako alipo. Nilitaka siku ya kujua uwe umevaa vizuri, una furaha, una habari njema mkononi. Umenipa zaidi ya nilichoomba.

Simu yake haijazimwa na mtu. Iko kabatini, imeisha chaji.

Na umejiita Kijiko. Nilidhani jina hilo umelisahau. Yeye alikuita hivyo mwezi wa tano, alipokutumia maneno yake ya mwisho kwako. Nilimwonya yasiwekwe kwenye salamu. Akacheka, akasema dada yake anasoma kila kitu.


1 Oktoba

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Namsalimu binti mkubwa na shule yake. Namsalimu Kibonge, bila shaka amekuwa mkubwa, sijui hata ana urefu gani. Nawasalimu kuku wote, walioanguliwa na walio kwenye mayai. Namsalimu jirani na mbuzi wake kama bado yupo. Mimi si mzima. Kazini nimekaa mbele ya mashine, inaniuliza nianze, siianzishi. Wenzangu wanadhani nimepata malaria.

Ya Julai nimeipata. Nilikuwa nimeikunja chini ya mguu wa meza inayotikisika. Nimeisoma sakafuni, sikuweza kuinuka nayo. Ya Machi ilikuwa kitambaa cha chai, sina. Ya Mei nimepindua droo, makabati, nimekwenda mpaka kwa mzee wa takataka wa jengo letu, akanitazama kwa huruma, akaniambia mama, takataka za mwezi wa tano hata mimi sijui ziko nchi gani.

Baada ya salamu: alisema nini? Sikuombi unisamehe, nakujua na najua nilivyokufanya. Naomba maneno yake tu. Hata kama alinilaani, niandikie alivyonilaani. Hata mstari mmoja. Au unipigie, namba yangu nimeiandika hapo chini, mpe mtu yeyote, wapeni wote. Silali, nakaa na simu mkononi.

Kijiko


2 Novemba

Wifi,

Hujambo. Sisi hatujambo. Binti mkubwa hajambo. Kibonge ameanza kuongea tena, anauliza maswali mpaka kichwa kinauma. Vifaranga wameanguliwa wengi safari hii, karibu mayai yote, na kwa kuwa maboksi yalikuwa na unyevu nimewatandikia karatasi yako, ile yenye namba chini. Wamelala vizuri.

Maneno yake ninayo kichwani. Yote, mpaka mahali alipokohoa napajua. Binti mkubwa naye nimemfundisha, tunayarudia pamoja akinisaidia kugeuza mayai, ili mimi nikifa yasipotee. Ni maneno mazuri, wifi. Hakukulaani.

Usiku wa kuamkia leo nilichukua kalamu nikaanza kukuandikia. Nikafika kwenye neno la kwanza, nikaona kikombe chake cha uji bado kipo rafuni, nikaweka kalamu chini. Aliniambia niyaandike kwenye salamu, na mimi niliyaandika.

Baada ya salamu, sina jambo.